Muswada Wako wa Kupima Mitambo Umepita

Papa Anselme,

Umepita! Jana mchana, mbele ya bunge zima la mkoa, muswada wako ulipita. Mitambo ya simu na mtandao itakayonunuliwa nje kwa ajili ya ofisi na hospitali zetu itapimwa kwanza na mainjinia wetu, hapa hapa Bukavu, tujue kama kuna mlango wa siri wa kutusikiliza.

Ulipokufa nilirithi kiti chako bungeni, kwa kuwa nilikuwa suppléant wako, mbadala wako uliyechaguliwa naye, na sheria ndivyo inavyotaka. Kukikalia ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuuokoa muswada, maana kila mtu alitaka uzikwe pamoja nawe. Mheshimiwa Crispin, mpinzani wako wa siku zote, alinipa pole kwenye matanga, halafu bungeni akasimama: "Maman, kampuni ilishapima vitu vyake kule kwabo. Iko na karatasi. Tunatafuta nini tena?" Wakampigia makofi. Siku ile nilikukasirikia, Papa. Uliniachaje na watu hawa?

Lakini jana nilikumbuka tulivyokuwa tukizunguka soko la Kadutu, wewe na ugonjwa wako wa redio. Hukununua hata moja bila betri zako mfukoni. Muuzaji anaiunganisha redio na betri yake kubwa ya gari, inaimba vizuri, ukifika nyumbani inakohoa tu. "Pima na yako, mutoto yangu," ulikuwa ukiniambia.

Basi nikawauliza waheshimiwa: nani hapa ameshanunua redio Kadutu kwa kuamini betri ya muuzaji? Bunge likaangua kicheko. Crispin mwenyewe alivua miwani akafuta machozi. Nikawaambia, karatasi ya kampuni ndiyo hiyo betri ya muuzaji. Maneno yetu, pesa zetu na siri za wagonjwa wetu vitapita humo ndani, nasi tunaogopa kufungua boksi?

Mikono ikapanda. Na wa Crispin pia, polepole, kama mtu anayejikuna kichwa. Wakataka muswada uandikwe kwa jina langu, nikakataa katakata.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja Muhumba kwa mke wako. Tangu tukuzike, Maman Noëlla alikuwa anaongea kwa kunong'ona. Nilipomwambia, alipiga vigelegele na nguo zake nyeusi mwilini, majirani wakatoka mbio wakidhani kuna harusi. "Bwana yangu ameshinda!" aliwaambia. Tulikumbatiana tukalia, Papa, tukacheka, tukalia tena.

Nakuahidi hivi: mtambo wa kwanza ukifika, nitasimama pale mpaka mainjinia wetu waseme neno lao. Wakiukataa, utarudi ulikotoka, hata aliyeuleta awe ndugu yangu wa damu.

Pumzika sasa, Papa Anselme. Mikono yote ile ilipanda kwa ajili yako.

Binti yako wa siasa,
Faida