Owen amenifuata ufuoni

Jacinter, nina hasira sana.

Leo asubuhi nilikuwa nakimbia ufuoni Tiwi kama kawaida. Nikageuka, nikamwona mume wangu amejificha nyuma ya mtumbwi. Owen, mtu mzima, ananipeleleza.

Nikamuuliza anatafuta nini. Akanijibu mbele ya akina mama wa kwaya yetu waliokuwa wakipita: "Mke wa mtu anapunguza mwili kwa ajili ya nani?"

Kwa ajili ya nani, Jacinter! Na daktari aliponiambia nifanye mazoezi kwa sababu ya presha, yeye alikuwa ameketi papo hapo.

Tangu aachishwe kazi hotelini baada ya zile ghasia za Likoni kuwafukuza watalii, anashinda nyumbani akinishuku.

Nimemwambia kesho nakimbia tena. Akitaka kunifuata avae raba, kwa sababu sitamsubiri.