Mtu wa Kumtembeza Bruno

Nairobi,
Jumanne.

Kwako dada yangu Syokau,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, huku ambako baridi ya Juni imefika na jua tunalisikia kwa redio tu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo tabia zake unazijua. Wewe u hali gani? Mama yetu, Mwaitu, anakula vizuri, au bado anakataa uji usiotiwa ndimu? Na zile avokado za upande wa chini, mlivuna wenyewe au mabroka walikuja wakawazungusha kwa bei tena? Nimekuandikia barua hii kwa kalamu nzito na kwa herufi kubwa, kama nilivyokuwa nikiandika ubaoni, ili uisome mwenyewe nje kwenye mwanga bila kumpa mtu akusomee. Atakayeileta ni Kyule. Anakwenda kwao Kalamba Alhamisi, na amekubali kupanda mpaka Mbooni ingawa si njia yake.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwa simu wewe huniuliza haraka na mimi hujibu haraka, na majibu yangu ya haraka hayajakuwa mazuri.

Najua unachotaka kusikia kwanza, kama nimepata mtu wa kumtembeza mbwa wa Musyoka. Tangu Februari swali lako ni hilo, na si kwa kumpenda mbwa. Tulikubaliana kwamba nikipata mtu wa kumwachia, nitakuja nikae na Mwaitu ili wewe uende ukatolewe mtoto wa jicho. Tarehe ya daktari umeiahirisha mara mbili ukinisubiri mimi. Juzi uliniambia jicho la kulia sasa linaona mwanga tu, na kwamba maharagwe unayachambua kwa vidole. Maneno hayo hayajanitoka.

Wacha nikueleze tangu mwanzo, maana kwa simu ulipata vipande vipande. Mwanangu Musyoka alipopelekwa Kigali na kampuni yake, aliniachia nyumba, mbwa, na karatasi ya maagizo. Mbwa atembezwe dakika arobaini asubuhi na arobaini jioni, akiwa na kamba shingoni, na akijisaidia njiani, anayemtembeza aokote kwa mfuko. Nilisoma karatasi hiyo mara mbili nikidhani ni mzaha. Kwetu mbwa akionekana anavutwa na kamba barabarani, watu huuliza ameuma nani. Lakini ua wa hapa ni mdogo, na siku ya pili Bruno alipomaliza kula mto wa kochi, nilielewa kwamba Musyoka hakuwa akitania.

Mwanzoni nilimtembeza mwenyewe. Nilimsalimia kila mtu niliyempita, nikimuuliza na habari za nyumbani kama tunavyofanya huko mlimani, na dakika arobaini zikawa saa mbili. Wengine waliniambia kabla sijamaliza salamu kwamba leo hawanunui kitu. Wiki ya tatu Bruno aliona paka, akakata shauri bila kunishirikisha, na nikaanguka kwenye mtaro mbele ya duka la dawa. Goti likavimba. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta mtu.

Wa kwanza alikuwa huyu huyu Kyule, niliyemjua kanisani. Ni mtu mzima, mpole, anatunza maua kwa jirani. Kosa lake ni kwamba aliona kumfunga mbwa kamba ni kumwaibisha. Alisema mbwa mwenye akili hufuata mtu wake, basi wakifika kona alimfungua na kutembea mbele bila kuangalia nyuma, kama anayekwenda shambani. Mara mbili Bruno alirudi nyumbani peke yake, na Kyule akafika nusu saa baadaye akiuliza kama mbwa ameingia. Tuliachana kwa amani.

Wa pili alikuwa Gakenia, binti mwenye biashara yake na fulana yenye picha ya unyayo wa mbwa. Alitembeza mbwa sita kwa pamoja, na kila siku alinitumia picha ya Bruno akiwa matembezini. Nilifurahi sana, hata nikamtumia Musyoka mbili tatu. Kisha siku moja mvua ilimwagika mchana kutwa, na picha ikaja Bruno yuko kwenye jua kali na kivuli chake kiko pembeni. Gakenia alinieleza kwamba ni mtandao uliochelewesha picha. Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na minne, dada, na kazi iliyonakiliwa naijua hata ikiwa na kivuli.

Basi nikakumbuka baba. Unakumbuka alivyokuwa akiajiri mchungaji, tulipokuwa na mbuzi kule chini ukavuni? Hakuuliza mtu ametoka wapi wala amefanya kazi kwa nani. Alimpa mbuzi mmoja na kibuyu cha maji, akamtuma mwendo wa saa nzima juani. Mtu akirudi, baba alimwekea mbuzi karai la maji. Mbuzi akiyavamia, baba alimshukuru mtu yule na kumuaga. Alijua maji yote yameingia tumbo moja.

Nami nikafanya hivyo. Kila aliyekuja kuomba kazi nilimpa Bruno, chupa ya maji, na saa moja ya jua la Machi, kisha nikakaa barazani na bakuli. Wa kwanza alirudi, Bruno akamaliza bakuli na kuanza kulilamba. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa Mutanu, mama wa miaka arobaini na kitu kutoka Nuu, ambaye kwao hawakuzaliwa wavulana, kwa hiyo mbuzi wa babake alichunga yeye. Aliporudi, Bruno alinusa bakuli akalala chini. Nilimuuliza Mutanu alimnyweshaje bila chombo, akanionyesha kiganja. Yeye mwenyewe hakuwa amekunywa. Alisema alipanga kunywa akifika, na sasa amefika.

Sasa kaa chini, dada. Hayo yalikuwa tarehe kumi na nne Machi.

Nilikuambia kwamba yule mama wa Nuu alikaa siku tatu akarudi kwao. Hakurudi kwao. Yuko hapa mpaka leo, asubuhi na jioni, na hajachelewa hata siku moja. Ulipomwomba pasta atangaze kanisani, akapatikana mtu, na nikakuambia simtaki kwa sababu hajui mji, nilikuwa nimekaa dirishani nikimtazama Mutanu akimfungua Bruno kamba. Kwa miezi mitatu sikuwa na sababu yoyote ya kubaki huku. Nilikudanganya, na nikamsingizia mwanamke ambaye hajanikosea lolote.

Nitakuambia kwa nini. Desemba nilipokuja, siku uliyokwenda sokoni, Mwaitu alinishika mkono akaniita Mbuvi badala ya Muindi. Nilijua anawachanganya watu, na kwamba tangu tumzike ndugu yetu huyo amekuwa akimtafuta. Sikumsahihisha, niliona atahangaika bure. Alinipapasa kichwa. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, ili mtu asisikie, kwamba Muindi akija hukaa kwenye kiti cha wageni na kuangalia saa. Akasema amechoka kumngojea Muindi, anayemngoja ni mimi tu, Mbuvi wake. Niliitika kwamba nimesikia. Halafu nilikwenda nikasimama katikati ya maharagwe na kulia, mzee wa miaka sitini na minane. Wewe ulipofika uliniona na macho mekundu, nikakuambia ni moshi.

Musyoka alipouliza Januari nani atakaa na nyumba, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mbwa alinipa udhuru, na udhuru ulipokwisha nikaushikilia tu. Nilikuacha wewe giza linakuingia machoni kwa sababu sikutaka kusikia tena maneno ambayo ni ya kweli. Naona haya kuyaandika haya, na ningeona haya zaidi kutoyaandika.

Jumapili Mutanu aliomba kuzungumza nami. Alinikumbusha kwamba nilipomwajiri nilimwambia nitasafiri Aprili na yeye ataachiwa mbwa na nyumba, na kwa ajili hiyo alikataa kazi ya familia nyingine. Aliniuliza kwa heshima, akiniita Mwalimu, kama kuna kosa nimeliona kwake ninalomficha, kwa kuwa bado sijamwachia nyumba. Nilimwambia hana kosa. Akaniuliza, basi kosa ni la nani? Akachukua kamba akatoka na Bruno, na mimi nikatafuta karatasi.

Ufunguo nimeshampa. Musyoka nimemwambia, na amekubali. Nitafika Jumamosi kabla ya saa nane, na nimefunga mizigo ya kukaa, si ya kulala siku mbili. Usingoje kuniona ndipo umpigie daktari. Mpigie leo, uchukue tarehe ya karibu kuliko zote, na jicho likishapona tutaangalia la pili. Dawa za Mwaitu niandikie kwa mpangilio wa saa. Kupika ugali laini najua, na kumwogesha utanifundisha Jumapili baada ya kanisa.

Usimwambie kwamba Muindi anakuja. Akiniita Mbuvi, nitaitika. Hiyo saa yangu ya mkononi nimemwachia Mutanu, anaihitaji kwa zile dakika arobaini zake.

Nisalimie pasta, umwombe radhi kwa lile tangazo, na umnyweshe Kyule chai ya maziwa kabla hajateremka. Wewe mwenyewe sikuombi unisamehe kwa barua. Nitaomba nikifika, na wewe ukiniona.

Ni mimi niliyezaliwa mbele yako nikabaki nyuma,

Muindi.