Tuba Lako Limepishwa Njia Nyakanazi

Shikamoo baba,

Mvua imekatika, na wapiga matarumbeta wa sharika mbalimbali tumejaa uani mwa gesti, tunajaribu matuba, yale matarumbeta makubwa ya besi, na wadogo zao, yufoniamu. Desturi hapa, kila mtu hupuliza la mwenzake, asije akajisifia la kwake. La kwako, lililobonyeabonyea kama sufuria ya harusini, walilicheka. Mama mmoja wa usharika wa Keza akalipakata, akapuliza sauti moja ya chini kabisa. Barabarani lori likasogea pembeni, dereva akatoa kichwa: “Haya, pita!” Alidhani kapigiwa honi! Sasa wamepanga foleni kulipuliza.

Baba, yule mnunuzi wa vyuma chakavu akirudi, mwambie tuba limesafiri.

Mbusu mama.

Mwanao, Neema