Huko Kusiko na Wavulana

Jumatatu, 9 Oktoba

Bw. Pruitt, mshauri wa shule, kaniita ofisini. Vyuo vingine ulivyochagua sawa, kasema, lakini hiki cha wanawake pekee – kwa nini? Kwenye mahojiano watakuuliza, ujiandae. Nikajibu: utulivu. Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Nikaongeza: wavulana wananuka. Kacheka, lakini eti haitoshi.

Ila ni kweli! Aingie klabu ya fizikia siku ya mazoezi ya mpira aone.

Ukweli ni kwamba sijui. Niliona tu picha ya wasichana wa chuo hicho wamezunguka injini iliyofumuliwa, mmoja ana grisi mpaka kwenye nyusi, hakuna hata mmoja anayeichekea kamera. Nikatamani niwe pale. Sasa hiyo nayo ni sababu?

Jumanne, 10 Oktoba

Nimewaambia nyumbani, katikati ya chakula. Kosa kubwa. Baba kaweka uma chini. Chuo bila wavulana? Ni zizi bila dume, mwisho wake maziwa hukauka!

Mama: "Verlyn! Huyu ni mwanao, si mtamba!"

Baba kasema ng'ombe wake wote mia na ushee ni majike, na kila siku wanapigana. Mama kasema wanapigana kwa sababu ya yeye kuwachelewesha kukamuliwa. Baada ya hapo wakabishana juu ya ng'ombe hadi viazi vikapoa. Mimi nikasahaulika kabisa. Afadhali.

Jumatano, 11 Oktoba

Tumejaribu mtambo wa kurushia maboga. Hesabu zangu, kamba kama nilivyoipima. Boga limevuka shamba zima la mahindi! Brock, mwenzangu wa klabu ya fizikia, kajipiga kifua: "Mmeuona mtambo wangu?" Wake!

Halafu kanipa daftari niandike matokeo. Klabu ina wavulana saba na mimi, na katibu ni mimi tangu siku ya kwanza. Eti "mwandiko wako mzuri, Marit."

Jumamosi, 14 Oktoba

Sijui nicheke au nilie. Nimefanya yote mawili.

Tamasha la mavuno, watu wa wilaya nzima wapo. Nakuta Brock anaongeza mawe kwenye ndoo ya uzito inayovuta mkono wa mtambo, na kamba kaikata! Nikamwambia boga litarudi nyuma. Kanipigapiga bega: "Tulia, dada." Nikarudia, kwa sauti. Nikarudia tena. Wenzake wakacheka. Akaachia.

Boga likapanda juu wima, likatafakari kidogo, likarudi nyuma. Moja kwa moja kwenye kioo cha gari la mkuu wa shule. Naye yumo ndani, anakula soseji! Hakuumia, Mungu mkubwa. Lakini alitoka na mbegu masharubuni kama mti wa Krismasi.

Mwandishi wa gazeti akaja mbio. Brock bila kupepesa: "Hesabu alipiga Marit."

Kumbe! Likiruka, mtambo ni wa Brock. Likirudi, hesabu ni za Marit. Mzee mmoja aliyesimama kando ya Baba akasema haya ndiyo mambo ya kuwapa wasichana mitambo. Baba akaelekea garini.

Njiani kazima redio.

"Ulimwambia litarudi nyuma. Nilikusikia."

"Ndiyo, Baba."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Nilipiga."

Redio hakuiwasha tena hadi nyumbani.

Jumapili, 15 Oktoba

Brock katuma ujumbe: nimwandikie mkuu wa shule barua ya kuomba radhi. Kwa niaba ya klabu. Kwa sababu ya mwandiko.

Sijajibu.

Ijumaa, 20 Oktoba

Tumekitembelea chuo, mimi na Mama. Wakaniruhusu kukaa kwenye darasa la fizikia. Jamani! Msichana aliyekuwa ubaoni ana mwandiko kama kuku kapita kwenye tope. Hakuna aliyejali! Wanakatizana, wanagonga meza, mmoja alikuwa anakula ndizi huku anabisha.

Nikajikuta nimenyoosha mkono. Nikasema langu. Yule wa ndizi akanigeukia: "Umekosea. Umesahau msuguano."

Nikangoja kile kicheko cha klabuni. Hakikuja. Walikuwa wameshaendelea mbele. Nilikuwa nimekosea tu, basi. Mimi, Marit, nimesahau msuguano. Si wasichana wote wa dunia!

Mama ananiuliza kwenye gari mbona nalia. Nimemwambia vumbi. Kwenye gari, madirisha yamefungwa.

Jumamosi, 28 Oktoba

Niko chooni. Choo cha mgahawa. Naandika nimekalia kifuniko.

Leo ndiyo mahojiano. Bi. Esterhaus alisoma chuo kile zamani, akajenga madaraja maisha yake yote, sasa anahoji waombaji wa huku kwetu. Baba alitakiwa anishushe tu. Akaingia "kusalimia". Akaagiza pai ya tufaha. Akaketi!

Bi. Esterhaus kafungua kalamu: kwa nini chuo cha wanawake?

Nikavuta pumzi. Baba akajibu.

Kaeleza habari ya boga, kioo, masharubu, yote. Kaeleza vizuri, sikatai, hata mhudumu kaacha kumimina kahawa. Akamalizia kwamba binti yake alisema mara tatu na hakusikilizwa hata mara moja, na hilo limemkosesha usingizi. Sikujua! Machozi yakanilengalenga.

Bi. Esterhaus kamwacha amalize. Halafu: "Ahsante, Bw. Halverson. Ila nilimuuliza yeye."

Baba kawa mwekundu mpaka masikioni. Mimi nikaomba dakika moja nikanawe mikono.

Sasa najua la kusema. Nadhani najua. Ukuta huu mwembamba, nawasikia – Bi. Esterhaus anauliza kama nitaweza kuishi mbali na nyumbani. Ananiuliza mimi, kupitia mlango usiofungwa vizuri, kapaza sauti makusudi.

Na Baba anajibu tena! Eti mimi ni mpole mno, tangu utotoni, kelele siziwezi.

Mpole!

Natoka nikajibu mwenyewe, kwa kelele.