Damu ya Bwana Harusi

Jumamosi, Kizwite

Harusi ipo. Binti yangu Salome ameshinda.

Wiki jana mshenga alitoka Milepa kutuambia wakwe wameghairi, kwa kuwa kipimo cha damu kimeonyesha Salome anabeba ugonjwa wa sikoseli, ingawa mwenyewe haumwi.

"Na Masanja mwenyewe kapimwa?" Salome alimuuliza kuhusu mchumba wake.

"Mwanamume apimwe ya nini?" mshenga akajibu.

"Kwani baba, mtoto nitamzaa peke yangu?"

Leo majibu ya mchumba wake yametoka: habebi. Mtoto huugua akirithi kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo watoto wao hawataugua.

Nakishukuru kipimo. Lakini kilikaribia kumvunjia uchumba, na mtaa mzima umeshaijua damu yake. Hilo linaniuma bado.

Jioni mshenga akauliza ng'ombe wa mahari waje lini.

"Wakishapimwa," Salome akamjibu.