Tangi la Kioo la Jedidah

Masara, Jumanne

Dada yangu Jedidah,

Nimefurahi kusikia tangi lako la samaki limefika Isebania bila ufa. Suuza changarawe za kutandaza chini ya tangi bila sabuni. Maji ya mfereji yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ili dawa ya kuua vijidudu iishe. Washa pampu, lakini samaki wasubiri wiki kadhaa maji yakomae, yaani yapate bakteria wanaomaliza uchafu wa samaki, kisha uanze na wachache tu.

Uliniomba nije nikupangie mwenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika duka la samaki wa mapambo Homa Bay. Nimekuwa nikikuambia nina shughuli. Ukweli ni kwamba tangu duka lifungwe nasafisha dhahabu hapa kwa zebaki, mikono mitupu, na sasa sumu yake inafanya mikono itetemeke. Juzi kanisani nilimmwagia mama mmoja chai. Akasema, "Huyu amelewa asubuhi hii." Niliondoka tu kwa aibu. Hata barua hii ananiandikia jirani yangu, Marion.

Sikutaka shemeji anione hivi. Marion ameniuliza, "Na dada yako, naye utamkimbia?"

Nitakuja Ijumaa. Wewe utapanga mawe ndani ya tangi, mimi nitakaa kando nikuelekeze. Tafadhali usialike wageni.

Ndugu yako,
Cephas