Uso wa Milembe Unavyokua

Baba Milembe,

Jana tumerudi Nyasubi kutoka hospitali, Mwanza. Nimewasimulia ndugu zako, wakaniitikia tu. Nikaona wa kuambiwa ni wewe.

Unakumbuka walipomtoa mwanetu lile jicho lenye uvimbe, hata kutembea hajakaza. Uliacha duara lako, shimo lako la dhahabu kule Geita, ukaja kukaa nasi wodini. Daktari akatueleza kuwa jicho la mtoto ndilo linalousukuma mfupa ukue. Likitolewa, tundu linadumaa, uso unakwenda upande. Ndiyo maana wanamwekea la bandia, na kulibadilisha kadiri anavyokua. Ukamwuliza, "Kwa hiyo uso wa mwanangu utakaa sawa?"

"Tutajitahidi, baba."

Hukuridhika. Ndani ya basi, njia nzima, ulikuwa unampapasa mashavu, huku, kisha huku. Hata kifua kilipokulaza, vumbi la mawe limeshakumaliza, bado ulikuwa unaniuliza mimi, mpaka pumzi yako ya mwisho. Ningejua nini?

Sasa sikia. Safari hii walimpiga picha za kichwa, daktari akaziingiza kwenye kompyuta. Wametengeneza humo fuvu la Milembe la kuigiza, wanalijaribia: tukiweka jicho la ukubwa huu, mfupa utasukumwa kiasi gani, utakua kuelekea wapi? Mimi nilitaka wamwekee kubwa mara moja, kwa sababu anaanza shule. Daktari akanionyesha kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Mama, ona hapa palivyokuwa pekundu. Kubwa namna hii litambana tu." Basi wakaongeza kidogo.

Kisha akalikuza lile fuvu mpaka utu uzima. "Tunatarajia hivi," akasema, "ila mkiacha kuja, haitakuwa hivi."

Matundu mawili, karibu sawa. Na juu yake, Baba Milembe, paji lako. Lile lako lililochomoza. Mfupa mtupu, lakini nilikujua. Nikalia mpaka daktari akadhani nimeogopa.

Milembe akaniuliza, "Mama, huyo nani?"

"Ni wewe, ukishakuwa mkubwa."

"Mbona hana nywele?"

Tulicheka wote, na machozi yangu hivyo hivyo.

Wamesema karibu sawa, hawakusema sawasawa. Sitakudanganya. Ila nitampeleka kila watakapotuita, iwe masika, iwe njaa, mpaka huo mfupa umalize kukua.

Wewe pumzika sasa, mume wangu.

Mama Milembe